Karafuu ina nguvu, ila si zote zinazotangazwa

Chukua punje ya karafuu kavu, ibonyeze kichwani kwa ukucha. Ikitoa mafuta, ni nzuri. Ikibaki kavu kama kijiti, imeshakamuliwa au imelala sana dukani. Wachambuaji wa Pemba wanalijua hilo bila maabara. Maabara inachoongeza ni jina la kilichomo: yujenoli. Ndiyo asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu, na ndiyo inayotia ganzi ulimi.

Yujenoli ni antioksidanti. Neno linatisha, kazi yenyewe unaiona jikoni. Samli iliyoachwa wazi huchacha kwa sababu oksijeni huzusha humo chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake. Kila chembe hupora haidrojeni ya jirani, jirani naye akapora ya mwingine, mpaka kopo zima linanuka. Yujenoli hujitolea haidrojeni yake, kisha yenyewe hutulia isimpore yeyote. Uporaji unaishia hapo. Ndiyo maana viungo kama karafuu husaidia mafuta na nyama kuchelewa kuharibika.

Basi watu wakaruka kutoka kwenye samli hadi kwenye mwili wa binadamu. Idara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuchapisha orodha ya vyakula kwa kipimo kiitwacho ORAC, yaani nguvu ya antioksidanti inavyopimwa maabara, na karafuu ya unga ilikuwa karibu na kilele: zaidi ya 290,000 kwa gramu 100. Wauza dawa za lishe wanaitaja namba hiyo hadi leo. Wasichotaja ni kwamba mwaka 2012 idara hiyohiyo iliiondoa orodha, kwa kuwa kinachopimwa ndani ya kichupa hakionyeshi kitakachotokea baada ya chakula kupita tumboni na kwenye ini. Na hizo gramu 100 nani anazila? Karafuu kumi za pilau hazifiki gramu mbili.

Mimi karafuu naitia kwenye chai kila asubuhi, kwa sababu ni tamu. Maji ya karafuu yanayosifiwa WhatsApp kwamba "yanasafisha mwili" sina ushahidi wa kuyaunga mkono.

Mafuta ya karafuu ni habari nyingine, na hapa nasema kwa mkazo. Watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wamewahi kuzimia na kuharibika ini. Chupa iwekwe juu, mbali na mikono yao. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza kabla ya kunywa karafuu kama dawa. Pamba yenye mafuta hayo hutuliza jino kwa muda, lakini tundu linabaki palepale; nenda ukazibwe.

Nyumbani, hifadhi karafuu nzima kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na jua na jiko, usage unapotaka kupika. Ikishasagwa, harufu yake hupotea upesi.