Zamu ya Nani Leo? Kompyuta Chache na Usawa katika Shule za Dodoma

Mfadhili akija shuleni huuliza kompyuta ziko ngapi. Diwani naye huuliza hivyo hivyo. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vifaa vya TEHAMA katika shule za Chamwino, Bahi na Kongwa, na nikifika shule mpya naanza na maswali mengine: ufunguo wa chumba anao nani, chumba kinafunguliwa saa ngapi, na mtoto aliyeingia wiki hii ataingia tena lini. Nikishajibiwa hayo, najua nani anafaidi kompyuta za pale hata kabla sijawasha mashine moja.

Chukua sekondari ya kata, ya kutwa, yenye kompyuta 15. Ratiba ya masomo imejaa, kwa hiyo uongozi unaamua chumba kifunguliwe baada ya vipindi, saa tisa na nusu alasiri. Uamuzi unaonekana wa haki, maana mlango uko wazi kwa wote. Sasa tazama wanaobaki. Wanabaki wanaoishi jirani na shule, watoto wa walimu, na wavulana wawili watatu wenye baiskeli. Anayetembea saa nzima na zaidi kurudi kijijini kwao ameshaondoka, giza lisije likamkuta porini. Msichana ambaye kwao maji yako mbali ameshaondoka pia, kwa sababu foleni ya ndoo haimsubiri. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kiangazi kikishakolea, maji ndiyo yanayompangia jioni yake. Ile saa tisa na nusu imeshachagua wanafunzi, na imewachagua ambao tayari walikuwa na nafuu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kompyuta ziingie kwenye ratiba ya asubuhi, hata kama ni kipindi kimoja kwa wiki kwa kila mkondo. Walimu wa taaluma hunipinga, na wana hoja: mada ni nyingi, muda ni mfupi. Ninachowaomba ni kwamba kipindi hicho kiwe cha biolojia au jiografia, somo lile lile la siku hiyo, ila lifundishwe ndani ya chumba kile. Mwanafunzi akiona kwa macho yake jinsi moyo unavyosukuma damu, mwalimu wa biolojia hajapoteza kipindi chake.

Ndani ya chumba kuna mchujo mwingine. Wanafunzi wanne wamezunguka mashine moja, na mmoja wao kwao kuna simu janja. Huyo ndiye atakayeshika mausi dakika zote 40 huku wenzake wakimwangalia, na ukipita mlangoni utadhani wote wanne wanajifunza. Nawasihi walimu waweke sharti moja: anayejua asishike, aelekeze kwa mdomo, na mikono iwe ya asiyejua. Kila baada ya dakika kumi wabadilishane. Na pawe na daftari la zamu lenye majina, kwa kuwa daftari likishaandikwa mwezi mmoja, mwalimu ataona mwenyewe majina ambayo hayajatokea hata mara moja.

Wengine huamini dawa ni kuongeza mashine mpaka kila mtoto awe na yake. Peru walijaribu hilo. Waligawa kompyuta mpakato katika shule za vijijini chini ya mpango wa One Laptop per Child, na utafiti wa shule 319, uliotolewa mwaka 2012, ulikuta kompyuta zimefika kweli, zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi, lakini alama za hisabati na lugha hazikupishana na za shule ambazo hazikupewa kitu. Hapa kwetu, Tanga, mambo yalikwenda vingine. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililofungwa mwaka 2019, watoto karibu 2,700 wa vijiji takriban 170, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Kwa maoni yangu, kilicholeta tofauti ni kwamba kishikwambi cha Tanga kilikuja na somo tayari, kwa lugha anayoielewa mtoto, na kijijini pakawa na sola ya kukichajia.

Kwa sola, Dodoma tumejaliwa. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula kama wati 100. Ziwashe 15 kwa saa nne na umetumia yuniti 6 za LUKU kwa siku, kila siku ya masomo. Vishikwambi 15 vilivyokwisha chaji kabisa, kuvijaza vyote hakufiki nusu yuniti. Paneli ya wati 200 na betri nzuri vinatosha kwa jua la hapa, mradi kuna anayepanda kufuta vumbi, hasa upepo wa Agosti na Septemba ukianza. Ukame huu unaotunyima mahindi unatupa angalau umeme, na inaniuma kuona shule inanunuliwa kompyuta za mezani ilhali haina hela ya LUKU.

Bando nalo lipigiwe hesabu. Video moja ya MB 100 wakiifungua wanafunzi 45, kila mmoja kwa kifaa chake, ni GB 4.5 zimekwenda kwa kipindi kimoja. Shule ya msingi hupangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Hela ya bando itoke wapi? Kwa hiyo mimi hufunga seva ndogo, kompyuta ya ukubwa wa kiganja kama Raspberry Pi, isiyokula hata wati 10. Naijaza masomo ya Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti, Wikipedia ya Kiswahili yote kupitia Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizohifadhiwa, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Inarusha Wi-Fi yake yenyewe darasani bila intaneti yoyote. Video inapakuliwa mara moja tu, mjini, kisha inafika shuleni ndani ya diski.

Lugha bado inanisumbua. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaingia kidato cha kwanza, anakutana na video ya sayansi yenye Kiingereza cha kasi cha Marekani. Aliyetoka shule ya kulipia anaifuata, yeye anaona picha tu. Mwalimu anayesimamisha video kila baada ya dakika mbili, akauliza na kufafanua kwa Kiswahili, anamrudisha mtoto huyo darasani. Afanye hivyo bila kuogopa.

Na tusisahau vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022, ambavyo serikali iliwagawia walimu. Mahali penye seva, hata kimoja tu mkononi mwa mwalimu, pamoja na projekta, kinabeba somo la darasa zima.

Kama wewe ni mkuu wa shule na una chumba cha kompyuta, chukua rejista ya kidato cha pili na daftari la zamu, uviweke pamoja mezani. Tia alama majina ambayo hayamo kwenye daftari, kisha waulize wenye majina hayo wanaishi kijiji gani na huwa wanaondoka shuleni saa ngapi.