Kanisa la magogo la Greensted: yanayosemwa na yalivyo

Karibu na mji wa Chipping Ongar, Essex, Uingereza, kuna kijiji kidogo cha Greensted na kanisa lake la parokia, la Mtakatifu Andrea. Kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyosimamishwa wima. Wanaolipenda wamelizidishia mengi, ilhali ukweli wake unatosha kabisa.

Dhana: Lilijengwa mwaka 845.
Tarehe hiyo ilirudiwa sana hadi magogo yalipochunguzwa upya mwaka 1995 kwa kuhesabu pete za ukuaji. Pete ya mwisho iliyosalia ni ya mwaka 1053. Lakini tabaka laini lililokuwa chini ya gome, ambalo wadudu hulishambulia kwanza, limeshatoweka. Hapo wataalamu huongeza pete 10 hadi 55, unene wa kawaida wa tabaka hilo, na kupata kwamba miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108. Anayetaja mwaka mmoja kamili anabahatisha. Ila eneo lenyewe ni la kale zaidi: uchimbaji wa mwaka 1960 ulifukua chini ya sehemu ya altare mabaki ya majengo ya mbao yaliyotangulia.

Dhana: Kanisa zima ni la magogo, nayo hayajaguswa.
Magogo 51 yamo katika kuta za sehemu wanapoketi waumini tu. Sehemu ya altare ni ya matofali, ya miaka ya 1500 hivi. Kila gogo lilipasuliwa, upande bapa ukaelekezwa ndani na wa mviringo nje. Kingo zikachongwa mifereji, na kati ya gogo na gogo ukapachikwa ulimi wa mbao kuzuia upepo na mvua. Udhaifu ulikuwa chini. Mbao iliyosimama udongoni huozea pale inapotoka ardhini, kwa sababu hapo unyevu na hewa hukutana. Katika ukarabati ulioanza mwaka 1848, ncha zilizooza zilikatwa na kuta zikakalishwa juu ya msingi wa matofali. Kwa hiyo leo ni fupi kuliko zamani.

Dhana: Tundu la ukutani lilikuwa la wakoma kupokea baraka.
Hakuna uthibitisho. Huenda palikuwa mahali pa maji ya baraka, au tundu la kuchungulia anayekuja.

Dhana: Wafanyakazi wa mashambani wa kijiji cha Tolpuddle, Uingereza, waliohamishiwa Australia kama adhabu mwaka 1834 kwa kuunda chama cha wafanyakazi, hawakurudi.
Walisamehewa mwaka 1836, na baadhi yao walipewa mashamba huku Essex. Mmoja, James Brine, alimwoa Elizabeth Standfield katika kanisa hili mwaka 1839.