Kipimo kinasoma 97, mbona mtoto bado anahema?

Maswali haya huletwa kwangu na ndugu wa wagonjwa mahututi hapa Mwanza, wengi wakiwa wamesimama kando ya kitanda, macho kwenye mashine.

Mwanangu ana malaria kali. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 97. Mbona anahema hivyo?

Mama, kipimo hicho hakisemi ana damu kiasi gani. Kinasema tu damu iliyopo imebeba oksijeni. Chukua mfano wa dagaa wa Ukerewe wanaosubiriwa Mwaloni, soko la samaki: kila mtumbwi umetia nanga ukiwa umejaa, ila imefika minne badala ya kumi na miwili. Gramu moja ya himoglobini, kibebea oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 12 za himoglobini katika kila mililita 100 za damu ana humo kama mililita 16 za oksijeni. Mwenye 4 ana 5 tu, hata kama wote wawili wanasoma 97. Malaria imepasua chembe nyekundu zake, na moyo unakimbia kufidia. Anahitaji kuongezewa damu, tena leo.

Nesi anamminya kucha kwa nini?

Anatazama kama damu inafika mwisho wa safari. Anaminya sekunde chache mpaka kucha ipauke, anaachia, anahesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, na viganja vimekuwa vya baridi, mwili unainyima ngozi damu ili ubongo na moyo vipate. Mimi hushika miguu ya mgonjwa kabla sijatazama mashine. Kucha zenye piko hutunyima picha hiyo, basi tunatafuta kidole kisichopakwa.

Si aongezewe dripu haraka?

Kwa mwenye kipindupindu, ndiyo, maji ndiyo yanayomwokoa. Kwa mtoto mwenye homa kali na damu pungufu, hapana. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000 Uganda, Kenya na Tanzania. Kati ya kila 100 waliomiminiwa maji kwa kasi, kama 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7. Daktari akiipunguza kasi dripu, jamani, msidhani amemtupa mtoto wenu.

Sisi ndugu tufanye nini?

Waleteni benki ya damu watu wawili watatu wenye afya, saa hiyohiyo. Kundi lenu likiwa tofauti na la mtoto, changieni tu: yenu itamfaa mwingine, naye atapewa inayomfaa.