Fibrasi displasia ya uso na fuvu: si saratani, wala si jino bovu

Shavu la mtoto likivimba upande mmoja polepole, bila homa wala usaha, nyumbani majibu huwa tayari: jino, saratani, au mkono wa mtu. Jino hung'olewa, nao uvimbe unabaki pale pale. Inawezekana ni fibrasi displasia, ugonjwa ambao sehemu ya mfupa hujaa tishu za nyuzinyuzi na mfupa usiokomaa badala ya mfupa imara.

Dhana inayodhuru zaidi ni ile ya saratani. Uvimbe huu hausambai kwenye viungo vingine, na ni nadra sana kugeuka saratani. Lakini mgonjwa akipewa tiba ya mionzi kwa kudhaniwa kuwa anayo, hatari hiyo huongezeka.

Wapo pia wanaosema ni ugonjwa wa ukoo. Chanzo chake ni badiliko la jeni iitwayo GNAS, linalotokea katika seli moja baada ya mimba kutungwa, hivyo mgonjwa hakulirithi kwa wazazi wake wala hatawarithisha wanawe. Mama hana sababu ya kujilaumu kwa alichokula au alichofanya akiwa mjamzito, na hakuna jirani wa kushukiwa.

Wengine husisitiza kwamba mfupa wote ukatwe mapema. Nawaelewa, kwa sababu uso ndio unaotazamwa na kila mtu, na mtoto anayechekwa shuleni huumia kweli. Hata hivyo, ugonjwa huu kwa kawaida hupungua kasi baada ya balehe, na mfupa uliochongwa kabla ya hapo unaweza kuota tena. Hata neva ya jicho inapoonekana kwenye picha ya CT ikiwa imezungukwa na mfupa huo, wengi huendelea kuona vizuri kwa miaka mingi, ilhali upasuaji wa kuilegeza neva hiyo kama tahadhari tu, kabla uoni haujapungua, unaweza wenyewe kuleta upofu. Kinachotakiwa ni kupimwa macho na masikio mara kwa mara; uoni ukipungua ghafla, hiyo ni dharura.

Si kweli pia kwamba tatizo huishia usoni daima. Daktari aoneshwe mabaka ya rangi ya kahawia kwenye ngozi, na aelezwe iwapo binti mdogo ametokwa na damu ukeni kabla ya umri wa balehe, kwa kuwa dalili hizo zikiambatana huashiria ugonjwa wa McCune-Albright, unaohitaji vipimo vya homoni. Homoni ya ukuaji ikizidi na isitibiwe, mifupa ya fuvu huzidi kutanuka na macho huwa hatarini zaidi.