Hakuna baba anayekataa: mapenzi na matabaka katika komedi za Kifaransa

Hadithi ya mapenzi kati ya tajiri na maskini sote tunaijua. Binti wa mwenye kampuni anampenda dereva, baba anapandwa na hasira, mama anazimia, kijana anafukuzwa kazi, halafu mwishoni inagundulika kuwa kijana naye ni mtoto wa tajiri aliyepotea utotoni. Bongo Movie wameicheza, Wanigeria wameicheza, tamthilia za Kimeksiko zimeicheza mpaka basi. Kikwazo katika hadithi hizo kiko nje ya wapenzi wenyewe. Ni mtu, ana jina, na ana sauti kali.

Mimi nafundisha uandishi wa skripti, na tukifika kwenye somo la kikwazo huwa nawaonyesha wanafunzi komedi za mapenzi za Kifaransa. Kule mara nyingi hakuna baba anayekataa. Wapenzi ni watu wazima wenye mishahara yao, na hakuna ndugu wala mila ya kuwazuia. Wanakwamishwa na mambo madogo: kitabu kilicho kando ya kitanda, utani unaomchekesha nani, picha ipi itundikwe sebuleni. Tofauti ya tabaka imehama kutoka mfukoni na kuingia kwenye ladha, na ladha mtu huibeba popote aendako. Mwanasosholojia Pierre Bourdieu alilieleza jambo hili katika kitabu chake La Distinction cha mwaka 1979: tunadhani tunachagua muziki, chakula na samani kwa hiari yetu, kumbe uchaguzi huo huo unatangaza tumelelewa wapi, na tunautumia kuwapima wengine. Waandishi wa komedi wa Ufaransa wanalijua hilo vizuri mno.

Filamu ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili ni Le Goût des autres ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Agnès Jaoui na kuandikwa naye pamoja na Jean-Pierre Bacri. Bacri mwenyewe anamcheza Castella, mwenye kiwanda, ana pesa, ana dereva na mlinzi, lakini hana habari yoyote na sanaa. Ameletewa mwalimu wa Kiingereza kwa ajili ya biashara yake, mwanamke anayeitwa Clara, na Castella anamwondoa ofisini upesi bila hata kumtazama vizuri. Jioni anaburutwa kwenda kwenye tamthilia kwa sababu ya mambo ya familia. Wanaonyesha Bérénice ya Racine, mwandishi wa tamthilia wa Kifaransa, ya mwaka 1670: mfalme wa Roma anampenda malkia wa kigeni, Roma haimtaki, na mfalme analazimika kumwachia aende. Anayemcheza malkia ni Clara yule yule. Castella, aliyekuja kwa shingo upande, anatokwa na machozi.

Hapo mambo yanageuka. Mwenye pesa ndiye anayekuwa maskini. Clara ana wasiwasi wa kipato na umri unasonga, lakini mezani pa rafiki zake wasanii yeye ndiye mwenyeji na Castella ni mgeni asiyejua adabu za pale. Anasema utani wa hovyo kuhusu mashoga mbele ya watu wanaowahusu. Wao nao wanamchezea, wanamwambia kwa nyuso kavu kuwa Ibsen, yule Mnorwe wa tamthilia nzito, ni mwandishi wa vichekesho, naye anaamini. Mtazamaji anacheka, kisha anaanza kujisikia vibaya kwa kucheka. Sijui mwandishi mwingine anayeweza kukuhamisha upande ndani ya tukio moja kama wawili hawa.

Tukio ninalowasimamishia wanafunzi linakuja baadaye. Castella ameanza kununua michoro ya rafiki wa Clara. Clara anaona aibu, anadhani tajiri huyu anaibiwa kwa sababu anataka kumfurahisha yeye. Anamfuata amwonye. Castella anamsikiliza, kisha anamuuliza kama hajawahi kufikiria hata kidogo kwamba huenda amenunua michoro ile kwa kuwa ameipenda. Clara hana jibu. Mpaka dakika hiyo tulidhani mwenye dharau ni tajiri. Sasa tunaona dharau ya msomi, ambayo ni ya upole, inajali, na inaumiza zaidi kwa sababu mwenyewe haitambui. Skripti nzima ilikuwa inajengwa kuelekea swali hilo moja, na Bacri analisema taratibu, bila kupandisha sauti. Filamu ilipata tuzo 4 za César, tuzo kuu za filamu za Ufaransa, mwaka 2001, ikiwemo ya filamu bora, na watu zaidi ya milioni 3 waliitazama kwenye majumba ya sinema Ufaransa. Bacri alifariki Januari 2021. Anastahili kujulikana zaidi huku kwetu.

Jaoui na Bacri hawakuanzia hewani. Mwaka 1730 Marivaux, mwandishi wa tamthilia, aliandika mchezo wa Le Jeu de l'amour et du hasard, ambamo binti wa nyumba kubwa, Silvia, anabadilishana nguo na mtumishi wake Lisette ili amchunguze mchumba anayeletewa. Asichojua ni kwamba mchumba, Dorante, naye amebadilishana na mtumishi wake. Matokeo: bwana anampenda bibi, mtumishi anampenda mtumishi, hata kama nguo zinasema kinyume. Wengine huisoma kama mchezo wa kuthibitisha kuwa kila mtu abaki kwake. Mimi naona makali yake yako mwishoni, pale Silvia anapokuwa ameshaujua ukweli na anaukalia kimya. Anataka kwanza Dorante akubali kumwoa akiwa bado anamdhania mtumishi, na Dorante anakubali. Mwaka 2003 Abdellatif Kechiche aliuchukua mchezo huo na kuwapa vijana wa vitongoji vya Paris waufanyie mazoezi shuleni, katika filamu yake L'Esquive.

Kuna filamu nyingine ambazo tofauti ya tabaka zinaionyesha kwa ngazi. Katika majengo ya zamani ya matajiri wa Paris, wenye nyumba hupanda ngazi kuu yenye zulia, na wafanyakazi hupanda ngazi nyembamba ya nyuma inayotokea jikoni na kufika juu kabisa, kwenye vyumba vidogo chini ya paa. Les Femmes du 6e étage ya Philippe Le Guay inatumia jengo la namna hiyo, na hadithi yake inatokea mwaka 1962, wakati wanawake wengi wa Kihispania walikuwa wakija Paris kufanya kazi za ndani. Fabrice Luchini ni dalali wa hisa aliyeishi miaka yote chini ya vyumba vile bila kujua wanaoishi juu wanatumia choo kibovu cha pamoja. Anapanda, anaona, anamleta fundi bomba. Mapenzi yake na María, mfanyakazi wake, yanaanzia kwenye choo kilichotengenezwa! Ninaipenda filamu hii, na Carmen Maura, anayemcheza mmoja wa wafanyakazi wa juu, alistahili César yake ya mwigizaji msaidizi, lakini ina udhaifu. Bwana anapata uhuru na chumba chake mwenyewe, ilhali María tunamjua kwa kiasi anachomponya bwana tu. Skripti inamuuliza mwanamume anataka nini, na haimuulizi vya kutosha mfanyakazi wake.

Coline Serreau alikuwa ameliuliza swali hilo kabla ya filamu hiyo kutengenezwa, mwaka 1989, katika Romuald et Juliette. Daniel Auteuil ni mkurugenzi wa kampuni ya maziwa ya mtindi, na wenzake wanamchimbia shimo. Anayeijua njama ni Juliette, mfanyakazi wa usafi kutoka visiwa vya Karibi, mama wa watoto 5, kwa sababu anafanya usafi ofisini usiku na hakuna anayejali kuzungumza mbele yake. Firmine Richard, mzaliwa wa Guadeloupe, hakuwahi kucheza filamu kabla ya hii, na bado anaibeba. Mkurugenzi anajificha kwenye nyumba finyu ya Juliette, anasaidiwa, anarudishiwa kiti chake, kisha anasahau. Akirudi na mapenzi, Juliette hampokei kwa furaha. Ana watoto, ana uchovu, ana sababu zote za kutoamini. Komedi nyingi zingeharakisha hapo. Serreau anampa mwanamke muda wa kukataa, na ndiyo maana “ndiyo” yake ina uzito.

Na wakati mwingine “ndiyo” haiji. Pas son genre ya mwaka 2014, ya Mbelgiji Lucas Belvaux, inamleta mwalimu wa falsafa wa Paris, Clément, aliyepangiwa kufundisha Arras, mji wa kaskazini anaouona kama kifungo ingawa treni ya kasi inafika Paris chini ya saa moja. Anakutana na Jennifer, anayefanya kazi saluni, anamlea mwanawe peke yake, na wikiendi anaimba karaoke na wenzake. Clément anamletea kitabu cha mwanafalsafa Kant, naye anakisoma kweli na kumuuliza maswali mazuri. Jennifer anampeleka kwenye karaoke. Kila mmoja amepiga hatua, na unaanza kuamini. Kisha, siku ya gwaride la mji, wanakutana na mwalimu mwenzake Clément. Salamu zinapita, maneno mawili matatu yanapita, na Clément hamtambulishi Jennifer. Hajamkana, hajasema neno baya. Amesahau tu, au amejifanya kusahau, na Jennifer amesimama pembeni yake akiwa amependeza. Waandishi wangu vijana hutaka kuweka kofi au matusi mahali kama hapo. Belvaux hakuweka kitu, na uhusiano umekwisha pale pale, hata kama filamu inaendelea.

Émilie Dequenne, aliyemcheza Jennifer, alikuwa amepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1999 kwa filamu ya Rosetta, na alifariki Machi 2025. Hapa angeweza kumfanya Jennifer mtu wa kuhurumiwa. Badala yake amempa akili, kiburi na furaha, kiasi kwamba mwishoni unamsikitikia Clément.

Hors de prix ya Pierre Salvadori, ya mwaka 2006, ina njia tofauti, kwa kuwa humo pesa zinahesabiwa waziwazi: mhudumu wa hoteli anamaliza akiba yake yote kwa ajili ya mwanamke anayeishi kwa mifuko ya matajiri, na sarafu yake ya mwisho ya yuro 1 inamnunulia sekunde 10 zaidi za kuwa naye. Ni nyepesi na imeandikwa vizuri. Anayeanza aanze na hii, halafu Le Goût des autres. Pas son genre iache kwa siku utakayokuwa na mtu wa kujadiliana naye, maana mtabishana kuhusu Clément, na mabishano hayo ni sehemu ya kuitazama.