Je, wajua kwanini Wachina husubiri mtoto atimize mwezi ndio wamfanyie sherehe?

Siku hizi mtoto akizaliwa huku kwetu, jioni yake picha ishazunguka magrupu yote ya WhatsApp na mashangazi wako njiani na pampasi. Kwa Wachina sherehe kubwa ya mtoto inasubiri kwanza, mpaka atimize mwezi mmoja ndio watu wanaitwa waje kula. Inaitwa manyue, na utaikuta China, Taiwan, Singapore, Malaysia na kwingine walikohamia. Sasa kwanini wasubiri mwezi mzima wakati furaha ni ya siku ya kwanza?

Jibu lake linauma. Zamani watoto wengi hawakuufikisha huo mwezi. Mmoja wa wauaji wakubwa alikuwa pepopunda, yaani kitovu kinakatwa na kisu au mkasi usiochemshwa, vijidudu vinaingia, baada ya siku chache mtoto anashindwa kunyonya, anakakamaa, basi. Kwa mtoto mchanga ugonjwa huu hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 28, kwahiyo hesabu mwenyewe, mwezi ukiisha mtoto ameshavuka. Wazee wale hawakuwa na maabara ila walikuwa wamezika watoto wa kutosha kujua hatari inaishia wapi. Na msidhani ni habari za kale tu, China yenyewe imethibitishwa kutokomeza pepopunda ya mama wazazi na watoto wachanga mwaka 2012, juzi tu hapa, na duniani kwa ujumla mwaka 2022 watoto kama milioni 2.3 walifariki kabla ya kumaliza mwezi wao wa kwanza, karibu nusu ya vifo vyote vya watoto wa chini ya miaka 5. Ndio maana mimi hii sherehe naiheshimu sana, inasherehekea kwamba mtoto amebaki.

Halafu kuna mama, ambaye watu wanamsahau. Mwezi huohuo yeye anakuwa ndani, desturi inaitwa zuo yuezi, hatoki nje, hapigwi na upepo, hagusi maji ya baridi, na kwa wanaoshika mila kikamilifu hata nywele haoshi. Kazi yake ni kulala, kunyonyesha na kula vitu vya moto. Wakantoni wa kusini wanampikia miguu ya nguruwe na tangawizi nyingi kwenye siki nyeusi pamoja na mayai, Taiwan anapewa kuku wa mafuta ya ufuta na pombe ya mchele. Watu wa pwani wataelewa haraka maana mzazi wetu naye anakaa arobaini, anakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Kwahiyo siku ya manyue ni siku ya mama pia, ndio anatoka.

Siku yenyewe mtoto ananyolewa nywele alizozaliwa nazo, na kuna familia zinapeleka hizo nywele kutengenezewa brashi ya kuandikia, inatunzwa kama kumbukumbu. Bibi mzaa mama analeta nguo, na ndugu wanamvalisha mtoto kidani chenye umbo la kufuli, cha fedha au dhahabu, nia ni kumfungia asiondoke duniani. Ukishajua yale ya pepopunda hicho kikufuli hukioni tena kama pambo.

Na mayai mekundu yanayogawiwa siku hiyo? Ni mayai ya kuku ya kawaida, yanachemshwa yanapakwa rangi, wageni na majirani wanagawiwa. Yai ni uhai, rangi nyekundu kwao ni heri, ukiletewa mayai ya hivyo mlangoni umeshapata taarifa bila mtu kusema kitu. Sehemu nyingine hata idadi inaongea, shufwa ni mtoto wa kike, witiri ni wa kiume.

Hii si mila ya vijijini tu. Mwaka 662 mfalme Gaozong wa ukoo wa Tang alitoa msamaha nchi nzima na ruhusa ya siku 3 za karamu kwasababu mwanae Li Dan ametimiza mwezi. Mama wa huyo mtoto ni Wu Zetian, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanamke pekee kuitawala China kwa cheo kamili cha mfalme, na Li Dan naye alikaa kwenye kiti.

Leo wengi wanafanyia hotelini, na Singapore watu wanaagiza maboksi ya keki na mayai mekundu yanapelekwa mpaka ofisini kwa ndugu na marafiki. Taiwan utakuta wali wa mchele unaonata na paja la kuku, Penang huko Malaysia ni wali wa manjano na mchuzi wa kuku wenye viungo. Ukialikwa beba pesa ndani ya bahasha nyekundu, inaitwa hongbao, au nguo za mtoto za rangi ya kuchangamka. Bahasha nyeupe usibebe kabisa, hiyo kwao ni ya msibani.