CVT na otomatiki ya kawaida: mkono wa gia ni uleule, giaboksi ni tofauti

Ukishuka kwenye Toyota IST ya 2003 ukapanda Corolla Fielder ya 2008, mkono wa gia ni uleule: P, R, N, D. Pedali ni mbili. Lakini IST hiyo ina otomatiki ya gia nne, na Fielder nyingi za umri huo zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele zina CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia. Giaboksi hizi hazitumii oili moja, wala hazivumilii makosa yaleyale. Tunaandika haya kwa sababu CVT ikitunzwa kama otomatiki ya kawaida hufa mapema, na mara nyingi mwenye gari hakuwahi kuambiwa kwamba anayo.

Otomatiki ya kawaida ina seti za gia za meno na sahani za klachi zinazobanwa kwa presha ya oili. Gari likibadili gia, klachi moja inaachia na nyingine inashika, ndiyo maana unasikia kamtikisiko kadogo. CVT haina ngazi hizo. Ina puli mbili za chuma, kila moja ikiwa na pande mbili zenye umbo la pia zinazosogeleana na kuachana, na katikati yake unapita mkanda wa chuma. Mkanda huo ni vibati vya chuma kama 400, kila kimoja na unene usiofika milimita mbili na nusu, vimepangwa kama sarafu kwenye pete nyembamba za chuma. Vibati vinasukumana kutoka puli moja kwenda nyingine. Nguvu yote ya injini inapita pale ukingo wa kibati unapobana uso wa puli, chuma kwa chuma, na katikati kuna oili tu. Shika hilo, maana karibu kila tutakachosema baadaye kinatoka hapo.

Barabarani tofauti ya kwanza ni mlio. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye otomatiki, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda, unashuka gia inapobadilika, kisha unapanda tena. Kwenye CVT unapanda hadi 4,000 hivi na kubaki pale huku mwendo ukiongezeka taratibu. Wengi hudhani klachi inateleza. Hapana, injini imewekwa kwenye mzunguko wenye nguvu na puli ndizo zinazofanya kazi. Mashaka yaje pale RPM inapanda na mwendo hauongezeki kabisa, au gari linatetemeka kama linapita kwenye matuta madogo ukiwa kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Lakini kabla ya kuilaumu giaboksi, kagua plagi, koili na maunti za injini. Hizo nazo huleta mtetemo wa namna hiyo.

Kwa mafuta, CVT inaishinda otomatiki ya gia nne bila ubishi: ukiwa mwendo wa 80 umetulia, mshale unaweza kuwa chini ya 2,000. Dhidi ya otomatiki za kisasa, kama ile ya gia sita ya Mazda Demio kuanzia 2014, faida hiyo ni ndogo, na haitoshi peke yake kukufanya uchague CVT.

Kwenye foleni CVT ni tulivu zaidi. Kuna jambo moja tu la kuzingatia, nalo linahusu matuta. Ili CVT irudi kwenye uwiano wa kuondokea, ulio kama gia ya kwanza, mkanda lazima uwe unazunguka. Ukilivamia tuta kwa kasi na kufunga breki ghafla, gari linaweza kusimama kabla mkanda haujarudi, kisha likaondoka zito kana kwamba umeliondosha kwa gia ya tatu. Dereva naye hujibu kwa kukandamiza mafuta, na hapo ndipo mkanda unapoumia. Anza kupunguza mwendo mapema. Ukinasa kwenye tope au mchanga, usilisukasuke gari kwa D na R. Tairi linalozunguka ovyo likishika ardhi ghafla hurudisha kishindo chote kwenye mkanda. Weka mbao au mawe, omba kusukumwa.

Mlimani kila moja ina adha yake. Otomatiki ya gia nne kwenye Kitonga au Sekenke huhangaika kati ya gia ya tatu na ya nne. Dawa yake ni kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia: kibonyeze, taa ya O/D OFF iwake, na gia ya nne itafungwa. Watu wanaishi na gari miaka mitano bila kukigusa. CVT haihangaiki, ila ukiwa na abiria watano na mizigo, oili yake hupata moto sana, na magari mengi yameundwa kupunguza nguvu yenyewe joto likizidi. Gari likianza kugoma hivyo, simama mahali salama, weka P, acha injini inaunguruma dakika 10 hadi 15 ili oili iendelee kuzunguka na kupoa. Kuteremka, kama pale Mai Mahiu, weka mkono wa gia kwenye S, B au L kutegemea gari lako. Usiweke N eti kuokoa mafuta: ukiwa kwenye D na mguu umeuondoa kwenye pedali, injini ya kisasa hukata mafuta yenyewe. Kwenye N inayahitaji ili isizime.

Sasa oili. Kosa linaloua CVT kuliko mengine ni kumiminiwa haidroliki nyekundu ya otomatiki. Oili ya otomatiki imetengenezwa kwa sahani za klachi, ya CVT imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukiweka ya otomatiki kwenye CVT, vibati vinateleza, vinakwaruza uso wa puli, na mkwaruzo ukishaingia hautoki kwa oili mpya. Toyota huandika CVT Fluid TC au FE, Nissan NS-2 au NS-3, Honda HMMF au HCF-2. Otomatiki za Toyota hutumia T-IV au WS. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti cha kupimia, usimwachie fundi akisie.

Ukifungua nati ya kumwagia, hutoka lita 3 hadi 4 tu. Giaboksi nzima hubeba 7 au zaidi kidogo, na nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo kama oili isiyo yake imeshaingia, badilisha mara tatu, ukiendesha kilomita chache katikati. Kila mara nusu inatoka, mwishoni inabaki kama sehemu moja ya nane. Pima iliyotoka na urudishe kiasi kilekile. Kwa matumizi ya joto, foleni na milima tunashauri oili ibadilishwe kila kilomita 40,000. Kiwango kipimwe gari likiwa tambarare na injini ikiwaka, baada ya kupitisha mkono wa gia kila mahali kwa sekunde chache na kuurudisha P. Oili ikizidi hutoa povu, na povu halibani puli.

Gari likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Injini ikizimwa pampu ya oili haizunguki, na giaboksi inakwenda kavu. Otomatiki nayo inaumia hivyo. Gari la magurudumu ya mbele liinuliwe mbele; la magurudumu manne libebwe lote.

Anayenunua Toyota ndogo atafute bati dogo kwenye ukuta wa injini au nguzo ya mlango, penye TRANS/AXLE. Herufi U, kama U340E, ni otomatiki ya gia; K, kama K310, ni CVT. Kisha liendeshe nusu saa likiwa limepata moto, maana CVT mbovu huweza kujificha ikiwa baridi. Sikiliza mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka: hizo ni beringi. Rudi nyuma kwenye mwinuko uone kama linasita. Ukishalinunua, siku ya kwanza ya kubadilisha oili mwambie fundi afungue sampo, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, akuonyeshe sumaku zilizomo. Uji wa kijivu, laini kama grisi, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa na kukwaruza kidole vimetoka kwenye mkanda au puli, na oili mpya haitavirudisha mahali pake.